Keyd kwa mtumiaji wa Emacs: Control na Meta katika kitufe kimoja

Emacs, programu ya kuhariri maandishi, humtaka mtumiaji ashikilie Control karibu katika kila jambo: kuhifadhi faili ni Control na x kisha Control na s, kushuka mstari ni Control na n, kupanda ni Control na p. Programu hii ilizaliwa katika chuo cha MIT mwaka 1976, na kibodi za kompyuta za lugha ya Lisp zilizotengenezwa huko baadaye ziliiweka Control ubavuni mwa kitufe cha nafasi, mahali ambapo kidole gumba hufika bila taabu. Kibodi nyingi za leo zimeisogeza hadi kona ya chini, mzigo wote ukakiangukia kidole cha mwisho, huku Caps Lock, ambayo wengi wetu huibofya kwa bahati mbaya tu, ikikalia nafasi nzuri kando ya herufi A.

Kwenye Linux dawa za tatizo hili ni nyingi. Anayetumia X, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, anaweza kutoa amri ya `setxkbmap -option ctrl:nocaps` akaridhika, lakini kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, hutegemea mipangilio ya mazingira aliyonayo, na katika konsoli ya maandishi matupu amri hiyo haina nguvu kabisa. Keyd, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya C, hufanya kazi chini ya tabaka hizo zote: huzipokea ishara za vitufe kutoka kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, na kuzitoa upya kupitia kibodi ya kubuni, hivyo madirisha, terminali na konsoli hupata kitu kilekile. Mipangilio inakaa katika faili `/etc/keyd/default.conf`, na ya kuanzia ni hii:

[ids]
*
[main]
capslock = overload(control, esc)

Ukishatoa amri ya `sudo keyd reload`, Caps Lock ikishikiliwa pamoja na kitufe kingine inakuwa Control, na ikibofywa peke yake inakuwa Esc. Watu wa Vim, kihariri kingine cha maandishi, wanaisifia mno kwa sababu ya hiyo Esc, lakini kwa maoni yangu anayefaidika zaidi ni mtu wa Emacs, kwa kuwa Emacs huichukulia Esc inayotangulia kitufe kingine kuwa ni Meta, kitufe chake cha pili cha amri, ambacho katika kibodi za leo kwa kawaida ni Alt. Bofya Caps Lock, achia, kisha bofya x, na utakuwa umeita M-x, yaani Meta na x, bila kuigusa Alt.

Hapo hapo ndipo penye mtego. Kwa kawaida yake `overload` haina kikomo cha muda: ukishikilia Caps Lock ukikusudia Control, ukaghairi na kuiachia, Esc hutumwa hata kama umekaa nayo muda mrefu. Emacs hubaki ikisubiri, na herufi k utakayoandika baadaye inageuka M-k, amri inayofuta kuanzia kilipo kishale hadi mwisho wa sentensi. Tiba ni kuongeza sehemu ya `[global]` yenye `overload_tap_timeout = 200`, ili Esc itoke pale tu kitufe kinapoachiwa ndani ya milisekunde 200. Ningependa thamani ya namna hiyo iwemo tangu mwanzo, maana mgeni hawezi kubahatisha chanzo cha sentensi zake kupotea.

Wenye kompyuta mpakato wana kazi moja zaidi. Kwa kuwa ishara sasa zinatoka kwenye kibodi ya kubuni, libinput, programu inayosimamia kibodi na padi ya mguso, inaweza kushindwa kujua kwamba hiyo ndiyo kibodi ya ndani, ikaacha kuizima padi ya mguso wakati unaandika, na kiganja kikaanza kurusha kishale huku na huko. Maelezo ya keyd yenyewe yanaonyesha mistari michache ya kuweka katika `/etc/libinput/local-overrides.quirks`.

Keyd haina dirisha la mipangilio, na inahitaji haki za msimamizi mkuu. Ukikosea kiasi cha kibodi kutotii, shikilia Backspace, Escape na Enter kwa pamoja, nayo itajizima. Aliyepewa mashine ya ofisi asiyo na mamlaka nayo, ikiwa inatumia X, abaki na `ctrl:nocaps`. Mwenye mashine yake, hasa anayehamahama kati ya dirisha na terminali, aisakinishe keyd na kuweka kile kikomo cha muda kabla hajaandika chochote cha maana.