Mashine ya kutoboa zege kwa biti ya almasi: angalia stendi kabla ya wati

Karibuni. Mwangaluka kwa walioko Tabora, na salamu kwa mafundi wengine wote popote mlipo. Leo mezani tuna mashine ya kutoboa zege kwa biti ya almasi, ile ya umeme wa kawaida, wati 2,500, gia tatu, inayofungwa kwenye stendi yake. Mashine za daraja hili zinauzwa kwa majina mengi lakini mpangilio wake ni mmoja, kwa hiyo nitakachosema kipime kwenye ile unayotaka kununua au uliyokodi.

Wanaoihitaji ni mafundi bomba, mafundi viyoyozi, na wahandisi wanaochukua sampuli za zege kwenda kupima maabara. Bomba la choo la inchi 4 lina kipenyo cha nje cha milimita 110. Ukitaka lipite kwenye slabu ukatumia nyundo na tindo, chini ya slabu zege linabanduka vipande vikubwa, nondo zinabaki wazi, na tundu linakuwa pana mara mbili ya ulichotaka. Biti ya almasi ni bomba la chuma lenye meno mdomoni, na ya milimita 127 au 132 inatoa tundu la duara safi, kwa sababu almasi haigongi, inasaga.

Sasa niseme jambo linalowaponza wengi dukani. Mnunuzi anauliza wati. Muuzaji anamwambia hii ina 2,500, ile ina 3,200, anachukua yenye namba kubwa. Mimi nawaambia angalieni stendi kwanza. Mota yenye nguvu juu ya stendi inayocheza ni hatari zaidi kuliko mota ndogo, maana biti ikibanwa, ile nguvu yote inahamia kwenye stendi, na stendi ikiachia, mashine nzima inaanza kuzunguka na aliyeishika.

Dukani ifanyie hivi. Shika kichwa cha mashine kwenye mlingoti wake ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza, kuna skrubu pembeni za kubana roli, yaani vigurudumu vinavyotembea kwenye mlingoti. Mwambie muuzaji azikaze. Zikikazwa na bado kinacheza, roli zimeliwa, iache hapo. Kisha fungulia kufuli la kichwa, kipandishe na kukishusha kwa mkono wa kushushia: kiende laini mwanzo hadi mwisho, bila kukwama katikati. Zungusha ekseli, ule mhimili unaofungwa biti, kwa mkono uone kama inayumba. Halafu fuata waya wa umeme: karibu na plagi lazima kuwe na kiboksi chenye kitufe cha kujaribu na cha kurudisha. Hicho ndicho kikata umeme cha uvujaji, na kwenye mashine inayotumia maji ndicho kinachokutenganisha na kifo. Nyingine za bei ya chini huja bila hicho kiboksi. Mashine ya namna hiyo sikushauri uinunue hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Tuje kwenye biti, maana hapa Tabora lina suala lake. Kokoto zetu nyingi ni za graniti. Meno ya biti ni chembe za almasi zilizoshikwa ndani ya unga wa chuma, na ile chuma inatakiwa iliwe polepole ili almasi mpya zitokeze. Kwenye jiwe gumu kama graniti, almasi zinakuwa butu kabla chuma haijaliwa, meno yanang'aa kama kioo, na biti linazunguka tu bila kushuka. Fundi anadhani biti limekwisha. Halijaisha, limefumba. Ukienda kununua, omba biti la zege gumu, yaani lile ambalo chuma yake ni laini, siyo lile la tofali. Na likifumba, lifunge kwenye mashine, toboa milimita chache ndani ya tofali la mchanga na saruji kwa mgandamizo mdogo, mara mbili au tatu, utaona meno yanakuwa na ukakasi tena. Kuligandamiza kwa hasira kunaunguza mota na kung'oa meno.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwenye zege lenye nondo, ukingo wa biti unatakiwa usafiri kati ya mita 2 na 4 kwa sekunde. Kwa biti la milimita 52 hiyo ni kama mizunguko 1,200 kwa dakika. Kwa la 102 ni kama 600. Kwa la 162 ni kama 400. Angalia kibati kilichopo kwenye mashine, kinaonyesha kila gia inatoa mizunguko mingapi, kisha chagua. Biti kubwa, gia ndogo. Gia inabadilishwa mashine ikiwa imesimama kabisa, na kama haiingii, zungusha ekseli kidogo kwa mkono, usiigonge.

Kufunga. Kabla ya stendi, jua unatoboa wapi. Boriti na nguzo haziguswi bila kauli ya mhandisi wa jengo. Kwenye slabu pitisha kipima nondo, uchore zilipo, na usogeze tundu ikiwezekana. Ulizia pia nyaya na mabomba yaliyofukiwa. Na shuka chini ukaone kuna nini upande wa pili, nitarudi hapo.

Stendi inashikwa na nanga moja ya chuma ya milimita 12, ile inayotanuka ndani ya tundu. Toboa tundu la milimita 15 au 16 kulingana na nanga yenyewe, kina kama sentimita 5, kisha puliza vumbi lote litoke kwa pampu ya mkono. Vumbi likibaki, nanga inakaa juu ya unga na itachomoka siku utakayoihitaji. Iingize mpaka ilingane na uso wa zege, gonga kwa kitanuzi chake mpaka mwisho, siyo kwa msumari uliookota. Pitisha fimbo yenye nyuzi, weka bezi, yaani kitako cha stendi, kisha ile pete nene ya chuma (washa) na nati, kaza kwa vidole. Hapo ndipo unazungusha zile skrubu nne za kona kusawazisha, ukiangalia pimamaji, na mwisho unakaza nati kwa spana. Ukikaza nati kabla ya kusawazisha, bezi linakaa kwa miguu miwili tu. Halafu shika mlingoti juu uusukume kwa nguvu kila upande. Ukisogea hata kidogo, fungua, anza upya.

Nanga hii ni ya zege lililokomaa. Kwenye ukuta wa tofali za kuchoma, ambazo hapa Tabora ziko kila mtaa, haishiki, tofali linapasuka. Hapo tumia fimbo ndefu inayopita ukuta mzima, na bamba la chuma upande wa pili. Bezi la kunyonya hewa linafaa kwenye sakafu laini isiyo na ufa. Ukutani lisitumike peke yake, na darini lisitumike kabisa.

Umeme. Wati 2,500 kwa volti 230 ni karibu ampea 11. Plagi yetu ya pini tatu inabeba 13, kwa hiyo inatosha, lakini soketi iliyolegea itaungua. Ile ya wati 3,200 inazidi ampea 13 ikibebeshwa mzigo kamili, inataka soketi ya viwandani ya 16. Ekstensheni iwe ya waya wa milimita mraba 2.5, na kama ni ya kuzungushwa kwenye gurudumu, ifungue yote. Ikibaki imejiviringa inapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Viungio vyote vya waya viwe juu ya kitu kikavu, siyo sakafuni ambako maji yatafika. Bonyeza kitufe cha kujaribu kila unapoanza kazi. Kisipokata, hakuna kazi. Wa jenereta, zingatieni hili: kama nyutro ya jenereta haijaunganishwa na ardhi, kile kikata umeme kinaweza kisione uvujaji. Mwite fundi umeme aipange kwanza.

Maji. Tangi la pampu la lita 10 linatosha kuanzia, ila weka ndoo mbili za lita 20 pembeni, maana biti la milimita 100 na kitu linakula karibu lita moja kwa dakika na kazi haisimami katikati kwa sababu ya maji. Kipimo chako halisi ni uji unaotoka. Ukiwa kama maziwa mazito ya kijivu, sawa. Ukiwa kama udongo wa kufinyanga, maji ni machache na meno yataungua. Ukiwa maji matupu, ama umefungulia mno au biti limefumba. Ukiona chembe zinazong'aa ndani yake, umefika kwenye nondo.

Paka grisi nyuzi za biti kabla ya kulifunga, vinginevyo kulifungua jioni itakuwa vita. Kisha vaa: miwani, vizibo vya masikio, buti, glovu zinazobana mkono. Mikono ya shati iliyolegea, kitambulisho cha shingoni, kanga begani, vyote viondoke, maana biti likishika kitambaa halikiachii.

Fungua maji, washa mashine biti likiwa juu ya zege bila kuligusa, kisha lishushe taratibu. Sentimita moja ya kwanza shusha kwa mkono mwepesi mpaka lijichoree njia yake. Ukiligandamiza hapo linateleza na kuchana sakafu. Njia ikishapatikana, ongeza mgandamizo mpaka usikie mota inafanya kazi bila kuzama sauti. Kwenye nondo punguza mgandamizo, shusha gia ukiweza baada ya kuzima, na uwe mvumilivu. Chuma inakatika, inataka muda tu.

Biti likibanwa, klachi iliyo kati ya mota na biti inateleza na utasikia mlio wa kukwaruza. Zima mara moja. Ukiiacha iteleze kwa muda mrefu inaungua, na mashine yenye klachi iliyoungua haina tena kinga yoyote. Chomoa plagi. Weka spana kwenye shingo ya biti, lizungushe mbele na nyuma huku ukilipandisha. Kuwasha na kuzima mota haraka haraka ili lijinasue ndiyo njia ya kung'oa nanga niliyoitaja mwanzo. Mara nyingi kinachobana ni kipande cha nondo kilichokatika au kokoto iliyong'oka, na wakati mwingine ni stendi iliyosogea. Kwa hiyo kabla ya kuendelea, kaza tena ile nati.

Narudi chini ya slabu. Watu wanashughulika na juu wakasahau kuwa lile gogo la zege linalokatwa ndani ya biti litadondoka. Fanyeni hesabu: zege lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Biti la milimita 102 kwenye slabu ya sentimita 15 linatoa gogo la kilo mbili na nusu. Biti la milimita 200 kwenye slabu ya sentimita 20 linatoa gogo la kilo 13 au zaidi. Kutoka urefu wa mita tatu, hilo linaua, kofia au bila kofia. Weka uzio chini, weka mtu wa kuzuia wapita njia akiwa mbali na tundu, au simika jukwaa la mbao lililobanwa chini ya slabu lipokee gogo. Sentimita mbili tatu za mwisho punguza mgandamizo. Gogo likibaki ndani ya biti, gonga bomba la biti kwa nyundo ya mbao au ya mpira; nyundo ya chuma inalibonyeza na halitakuwa duara tena.

Kutoboa darini kwa maji, mashine ya aina hii siipendekezi. Maji yanashuka moja kwa moja kwenye mota. Na kuishika mkononi bila stendi ni kwa tofali tu, kwa biti kavu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, ushike mishikio yote miwili, bila kufunga swichi ibaki imewaka, na mashine ya kunyonya vumbi ikiwa imeunganishwa pamoja na barakoa ya vumbi laini. Vumbi la silika linaharibu mapafu, na yakishaharibika hayarudi.

Kwenye shingo, karibu na maji yanapoingilia, kuna kitundu kidogo. Maji yakianza kudondoka hapo, mpira wa ndani umekwisha. Ubadilishe kabla ya kazi inayofuata, maana hatua ya pili ya maji hayo ni kwenye gia na mota.

Ule uji usiumwage mtaroni, unaganda kama saruji na ni mkali kwa ngozi na mimea. Uache kwenye ndoo utuame usiku kucha, asubuhi maji ya juu yatumie tena kwenye tundu linalofuata, na tope lililokauka liende na vifusi. Osha bezi na mlingoti kabla uji haujakauka, kausha, pitisha mafuta kidogo kwenye meno ya mlingoti, na mwaga maji yote yaliyobaki ndani ya tangi.