Kukodi boti Goma kwa safari ya visiwa vya Idjwi na Tchegera: uzoefu wangu

Kabla ya kuzungumza makuta (pesa) na mwenye boti, pataneni saa ya kuondoka. Huduma niliyotumia ni boti ya faiba yenye mota moja ya nguvu-farasi 40. Nahodha ninamsifu bila kusita, ila vifaa vyake bado.

Kiangazi, Juni hadi Agosti, Ziwa Kivu hutulia asubuhi, kisha mchana upepo wa kusini-mashariki unaamka. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 90, kwa hiyo mawimbi yanapata nafasi ya kukua kabla ya kufika Goma. Nahodha mzuri hushika upande wa magharibi wa Idjwi, maana milima ya kisiwa inakinga upepo, na mpaka wa Rwanda uko upande wa mashariki. Kazi inaanza wakati wa kurudi, mkishapita ncha ya kaskazini. Hapo mawimbi yanakuja kwa nyuma, penye mota, ambapo ubao ni mfupi kuliko kwingine kote. Wetu alipunguza mwendo akaenda pamoja na wimbi, bila kuligeuzia ubavu hata mara moja. Ndiyo sababu ninashauri muondoke saa kumi na mbili asubuhi, muanze na Idjwi ambako ni mbali, muiache Tchegera iwe ya mwisho. Wengi wanafanya kinyume, kisha upepo unawakuta katikati ya maji.

Mafuta myahesabu wenyewe. Mota ya 40 inayotumia mchanganyiko wa petroli na oili, ikikazwa, inakula karibu lita 18 hadi 20 kwa saa. Theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya akiba. Bidoni (dumu) ya lita 20 inataka oili mililita 400 kama mota ni ya 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1. Oili ikizidi, plagi inachafuka na mota inazimika ikienda polepole. Ikipungua, pistoni inakwama. Tena ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mota inapoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu. Mwenye boti akikuambia inabeba kumi, pandeni wanane.

Malalamiko yangu ni majile, yaani jaketi za kuokolea maisha. Yalitosha watu wazima, ya watoto hayakuwepo, na mawili yalikuwa na vifungo vilivyokatika. Vaa lako ukiwa bado nchi kavu, umwambie mwenzako alivute juu mabegani: likifika masikioni, litakuvuka majini. Boti iliyozama karibu na Kituku, bandari ya Goma, tarehe 3 Oktoba 2024 ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na wengi wao hawakuwa na majile. Hapo sikubali maelewano ya aina yoyote.

Nyavu ni hatari nyingine. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, hufanya kazi usiku kwa taa, na alfajiri bado mnaweza kukuta nyavu majini. Msaidizi akae mbele, aangalie vielea. Uzi ukishajizungusha kwenye pangaboi, mota izimwe kabisa, inyanyuliwe, ukatwe kwa kisu. Kurudisha nyuma kwa nguvu kunauingiza kwenye sili (mpira unaozuia maji yasiingie kwenye mota), na maji yanafuata humo humo. Goma penyewe ufuko ni mawe makali ya lava, basi mota inyanyuliwe mapema.

Idjwi ni jimbo la Kivu ya Kusini, si la Kaskazini kama Goma, kwa hiyo beba kadi yako ya mpiga kura kama kitambulisho. Beba pia franka za noti ndogo kwa mananasi. Dola yenye mpasuko hawaipokei. Tchegera iko chini ya Hifadhi ya Virunga, ruhusa inaombwa kabla. Ni ukingo wa kreta (mdomo wa volkano) iliyozama nusu, na ndani ya ghuba yake maji yametulia, pazuri sana kwa kuogelea.

Ukingoni kati ya Goma na Sake kuna mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayojaa mashimoni hasa alfajiri. Mkisubiri boti upande huo, kaeni palipoinuka na watoto msiwaache washuke mabondeni.

Nitamkodi tena nahodha huyu, akishanunua majile ya watoto. Malipo: nusu asubuhi, nusu mkishatia mguu Goma.