Kipima unyevu wa asali: uzoefu wangu baada ya misimu miwili

Nina mizinga mitatu juu ya paa la nyumba ninayokaa, mjini. Asali inayonizidi naiuza mtandaoni, chupa chache kila msimu, kwa watu ambao wengi wao hatujawahi kuonana. Msimu wa kwanza nilirina kwa kukadiria kwa macho: nikiona sega limefunikwa nta sehemu kubwa, dalili kwamba asali imekomaa, nalitoa. Baada ya miezi mitatu mteja akanitumia picha ya chupa iliyojaa povu hadi shingoni, kifuniko kimevimba. "Dada, hii asali imechacha," aliandika. Nilimrudishia pesa zake siku hiyohiyo, kisha nikafungua chupa zilizobaki kabatini. Mbili zilikuwa zinanuka pombe. Niliumia sana, maana nyuki walikuwa wamefanya kazi yao na mimi ndiye niliyewaharakisha.

Ndipo nikanunua kipima unyevu, kile ambacho wengine wanakiita refraktomita. Ni kifaa kidogo cha kushika mkononi, hakitumii betri. Unadondosha tone la asali juu ya kioo cha mbele, unalifunika kwa kibati cha plastiki, unasubiri kama nusu dakika joto la asali na la kioo yalingane, kisha unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Ndani utaona duara: juu buluu, chini nyeupe. Pale rangi mbili zinapokutana ndipo pa kusoma asilimia ya maji. Asali ikiwa na chengachenga au viputo vya hewa, mstari unakuwa na ukungu. Futa, weka tone jingine.

Cha kwanza nilichoagiza nilikirudisha. Tangazo lilisema ni cha asali, kumbe vipimo vyake viliishia Brix 32 (Brix ni kipimo cha kiasi cha sukari), yaani ni cha juisi na sharubati nyepesi. Asali iko karibu na Brix 80, kwa hiyo nikichungulia naona rangi moja tu. Kabla hujalipa, omba picha ya vipimo vya ndani: cha asali kwa kawaida husoma maji kuanzia asilimia 12 hadi 27.

Jambo la pili lilinichukua muda kulielewa. Kifaa hiki hakirekebishwi kwa maji, kwa sababu maji yako nje kabisa ya vipimo vyake. Unahitaji mafuta maalumu ya kurekebishia, na changu kilikuja bila hayo. Nilianza na mafuta safi ya zeituni, ambayo mstari wake hukaa karibu na 27, nikagundua kifaa kinasoma pungufu kwa zaidi ya asilimia moja. Nikazungusha skrubu ya juu kwa bisibisi ndogo mpaka mstari ukakaa mahali pake. Ningekiamini kilivyotoka kwenye boksi, asali ya 19 ningeiuza nikidhani ni ya 17 na kitu. Siku hizi nakikagua kila siku ya kurina.

Tofauti hiyo ya asilimia moja au mbili ndiyo yote. Hamira za asili zimo ndani ya asali tangu mwanzo. Maji yakiwa chini ya 17 haziwezi kufanya kitu, yakipita 19 kuchacha ni suala la muda. Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyoitwa Codex, vinaruhusu hadi 20 kwa asali nyingi, lakini mimi siuzi inayopita 18.5. Halafu asali ikiganda, chembe za sukari zinajitenga na sehemu inayobaki majimaji inakuwa na maji mengi zaidi. Ndiyo maana chupa zangu zilikaa vizuri miezi mitatu, zikaharibika baada ya kuganda.

Msimu uliopita, baada ya wiki nzima ya mvua, nilitoa fremu moja (mbao zinazoshika sega) iliyofunikwa nta pande zote mbili, nyeupe na safi. Ikasoma 19.4. Jirani yake, yenye vyumba vingi vya asali visivyofunikwa nta, ikasoma 17.2. Ya kwanza niliirudisha mzingani.

Kwenye ndoo nako ukoroge kabla ya kupima, kwani asali yenye maji mengi huelea juu na nzito hushuka chini.

Kasoro? Kifaa hujirekebisha chenyewe kufuata joto la mahali, ila ni kati ya nyuzi 10 na 30 tu, na paani jua likiwaka panapita hapo, kwa hiyo napimia ndani. Bawaba ya kile kibati cha plastiki nayo imelegea mapema kuliko nilivyotarajia.

Kuna wauzaji wanaopiga picha ya kipimo hiki kuthibitisha kwamba asali yao ni halisi. Hilo si kweli, na linaniudhi. Kinapima maji tu. Sharubati ya sukari iliyochemshwa ikawa nzito itasoma 18 vilevile.

Kwenye lebo zangu sasa naandika tarehe ya kurina, asilimia ya maji, na onyo kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Inayopita 18.5 inabaki kwenye friji yangu, naitumia mwenyewe kabla ya wiki chache kwisha.