Angostura katika Old Fashioned ya nyumbani: kichupa cha kununua kabla ya wiski ghali

Anayetaka kujitengenezea Old Fashioned, ile kokteli ya wiski, nyumbani aghalabu humalizia fikra na fedha zake kwenye wiski. Hulinganisha umri, pipa na bei, kisha kile kimiminika kichungu cha mitishamba ambacho wahudumu wa baa hukiita bitasi hukinunua mwisho kabisa, au hakinunui. Mapitio haya yanahusu bitasi maarufu kuliko zote, Angostura, inayouzwa katika kichupa chenye kifuniko cha njano na karatasi ya maelezo iliyo kubwa kuliko chupa yenyewe. Rai yangu naiweka wazi mapema: kichupa hiki ndicho cha kununua kwanza, na burboni (wiski ya Kimarekani ya mahindi) ya bei ya kati iliyotiwa Angostura kwa kipimo sahihi hutoa kinywaji kizuri kuliko burboni ya fahari iliyochanganywa na sukari peke yake.

Sababu imo katika umbo la kinywaji chenyewe. Mwezi Mei mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, katika jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyeuliza kokteli ni kitu gani, likasema ni pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na bitasi. Old Fashioned ni maelezo hayo hayo yaliyowekwa ndani ya bilauri. Klabu ya Pendennis ya Louisville, Kentucky, hujinasibu kuwa ndiyo iliyoibuni, lakini klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1881, ilhali gazeti la Chicago lilikwisha kukitaja kinywaji hiki kwa jina mwaka uliotangulia. Katika vitu vinne hivyo hakuna cha ziada kinachoweza kuondolewa. Ukiitoa bitasi unabaki na wiski tamu, ambayo mnywaji huifurahia kwa mafunda mawili ya mwanzo kisha ikamkinaisha.

Angostura yenyewe haikuanzia baa. Daktari Johann Gottlieb Benjamin Siegert, Mjerumani aliyehudumu katika jeshi la mpigania uhuru Simón Bolívar nchini Venezuela, aliitengeneza mwaka 1824 kuwa dawa ya matumbo ya askari, katika mji wa Angostura ulio kando ya mto Orinoco. Mji huo leo unaitwa Ciudad Bolívar. Baada ya yeye kufariki, wanawe waliihamishia biashara katika kisiwa cha Trinidad mwaka 1875, na hadi sasa inatengenezwa huko, kwa mapishi ambayo kampuni huyafanya siri kubwa. Jambo ambalo wengi hukosea ni kudhani kwamba ndani yake mna gome la mti uitwao angostura, kumbe jina limetokana na mji, na gome hilo halimo.

Kinachotajwa waziwazi kwenye karatasi yake ni mzizi wa jentiani, mmea wenye uchungu mkali unaobaki kwenye ulimi kwa muda mrefu. Ukitaka kuijua vizuri, dondosha tone moja kwenye kiganja, lisugue, ulinuse kabla ya kulilamba. Pua yangu huanza kupata karafuu, halafu mdalasini na kokwamanga, na nyuma yake harufu ya mbao kavu na ya matunda yaliyokaushwa juani. Ulimini, utamu mdogo hutangulia, kisha uchungu wa jentiani hupanda na kukausha kinywa. Ukaukaji huo ndio hasa unaonunuliwa. Wiski iliyozeeka kwenye pipa la mwaloni ina vanila na karameli, sukari huongeza utamu juu ya utamu, na pasipo kitu cha kuukata mwisho wa funda, kinywaji hulemea. Kazi ya Angostura hapo ni kama ya ndimu kwenye mchuzi wa samaki: haitajwi na mlaji, lakini isipotiwa kila mtu mezani huona kwamba kuna kitu kimepungua.

Vipimo ninavyovipendekeza ni hivi: burboni mililita 60, shira mililita 5 hadi 7, na Angostura mitikiso mitatu, mtikiso ukiwa ni matone yanayotoka chupa ikiinamishwa na kutikiswa mara moja. Chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA, hutumia wiski mililita 45 na kipande kimoja cha sukari kinacholowanishwa kwa bitasi na maji kidogo kisha kupondwa kwenye bilauri. Njia hiyo inapendeza kuitazama, na anayependa desturi asiiache, ila sukari haiyeyuki kirahisi ndani ya pombe, na punje zake huzama chini, hivyo funda la kwanza likawa kavu na la mwisho likawa tamu kupita kiasi. Shira huondoa tatizo hilo kabisa. Chemsha sukari na maji kwa ujazo sawa hadi sukari iyeyuke, iache ipoe, uiweke jokofuni. Shira nzito ya kaimati isitumike hapa, hasa ile iliyotiwa iliki, kwa sababu iliki huvamia harufu za Angostura na kuzifunika, na utakuwa umelipia viungo viwili vinavyogombana.

Changanya vitu hivyo vitatu kwenye bilauri fupi nene, tia barafu, ukoroge taratibu kwa kijiko kirefu kwa sekunde 20 hadi 30. Usitikise, kwa maana kutikisa huingiza hewa na vipande vya barafu, nacho kinywaji hiki kinatakiwa kiwe kizito na kitulivu. Maji yanayoyeyuka wakati wa kukoroga ni yale yale yaliyotajwa mwaka 1806, na yasipokuwepo ya kutosha Angostura haifunguki. Harufu zake hubaki zimebanwa na ukali wa kileo, na mtu akaja kuilaumu chupa bure. Onja baada ya kukoroga. Ikiwa koo bado linaungua, koroga tena kabla ya kuongeza chochote. Barafu kubwa yenye ukubwa wa kama sentimita 5 kila upande ni bora kuliko vipande vidogo, kwa kuwa eneo la uso wake wote ni dogo kulingana na ujazo wake na hivyo huyeyuka polepole. Na barafu iliyogandishwa bila kifuniko karibu na samaki au nyama itabeba harufu yake hadi kwenye bilauri. Hakuna bitasi inayoweza kuficha hilo.

Sasa wiski. Sheria ya Marekani inataka burboni itengenezwe kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, izeeshwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani, na iwekwe chupani ikiwa na kileo kisichopungua asilimia 40. Kwa Old Fashioned kiwango hicho cha chini ni hafifu, maana barafu na shira hukipunguza zaidi. Burboni ya asilimia 45 hadi 50 ndiyo inayosimama imara. Wild Turkey 101, yenye asilimia 50.5, huistahimili mitikiso mitatu bila kupoteza sauti yake, na kwa maoni yangu ndiyo inayopatana na Angostura kuliko nyingine zote za bei ya kati. Maker's Mark ina asilimia 45, na mahali pa rai, nafaka ya jamii ya ngano ambayo burboni nyingi huchanganywa nayo, imewekwa ngano, kwa hiyo ni laini zaidi. Hiyo naitilia mitikiso miwili, kwani wa tatu huanza kutawala. Anayependa ukavu zaidi achukue wiski ya rai badala ya burboni na apunguze shira kidogo, kwa sababu rai yenyewe ina ukali wa pilipili manga unaoitikia karafuu ya Angostura vizuri sana.

Ganda la chungwa lisiachwe. Kata utepe mwembamba bila ile nyama nyeupe, uukunje juu ya bilauri upande wa nje ukiwa unaelekea chini, na mafuta yatarukia juu ya kinywaji. Wasomaji wa Tanzania na Kenya wasisumbuke kutafuta machungwa ya rangi ya dhahabu yaliyoagizwa kutoka nje. Machungwa yetu, kama yale ya Muheza, hubaki na ngozi ya kijani hata yakiiva kwa sababu ya joto la usiku, na mafuta yake yana harufu kali zaidi, yenye ukijani kidogo, inayouchangamsha uchungu wa jentiani. Mimi nayapenda kuliko yale ya rangi, ila yaoshwe vizuri kwanza.

Kasoro za kichupa hiki zipo. Kizibo cha plastiki kilicho mdomoni, kinachoruhusu matone kutoka kwa mtikiso, hakitoi kiasi kilicho sawa siku zote: chupa ikijaa, mtikiso hutoa kidogo, na ikikaribia kwisha hutoa kingi zaidi. Anayetaka kinywaji kinachofanana kila mara ahamishie kiasi kidogo kwenye kichupa cha dawa chenye mrija wa matone, kisha atumie kipimo cha mililita 2 hadi 2.5 kwa bilauri. Karatasi ile kubwa hulowa na kuchakaa mapema. Rangi ya bitasi yenyewe hutia madoa kwenye kitambaa na kwenye mbao zisizopakwa vanishi, kwa hiyo fanyia kazi juu ya sinia. Na ni vyema ifahamike kwamba Angostura ina kileo cha asilimia 44.7, kiwango cha wiski kamili. Wako wanaoitia matone kwenye soda wakiamini kinywaji kimebaki bila pombe. Kiasi kinachoingia ni kidogo, lakini mgeni asiyekunywa pombe kwa sababu ya dini au afya ana haki ya kuambiwa kabla hajapewa.

Bitasi nyingine zina nafasi zake, ingawa si nafasi hii ya Angostura. Peychaud's ya New Orleans ni nyekundu na nyepesi, yenye harufu iliyo karibu na ya shamari, na makao yake ni kokteli iitwayo Sazerac. Ndani ya Old Fashioned huacha utamu wa burboni bila mpinzani. Angostura ya machungwa, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ni nzuri ikiongezwa mtikiso mmoja juu ya miwili ya ile ya asili, lakini peke yake haina uti wa mgongo wa viungo.

Kuhusu bei, ukiigawa kwa mililita utaona ni ghali, pengine kuliko wiski yenyewe. Hesabu ya haki ni ya kila bilauri: chupa ya mililita 200, kwa mililita 2.5 kila mara, hutosha kama bilauri 80, ilhali chupa ya wiski ya mililita 750 hutoa 12 tu. Haihitaji jokofu na hukaa muda mrefu bila kuharibika, hivyo sioni faida ya kununua ile ndogo ya mililita 118, isipokuwa kwa anayeijaribu kwa mara ya kwanza. Siku utakapochoka na Old Fashioned, chukua wiski ya rai mililita 60, vamuti (divai iliyotiwa mitishamba) tamu nyekundu mililita 30 na mitikiso miwili kutoka kichupa hicho hicho, koroga na barafu, chuja kwenye bilauri iliyopozwa, nawe utakuwa umetengeneza kokteli iitwayo Manhattan.