Kabla ya kununua mfumo wa kumwagilia nyasi, uliza unaijuaje mvua

Saa kumi alfajiri, katikati ya masika, mvua inapiga bati mpaka humsikii aliyelala pembeni yako. Ndani ya kelele hiyo nikasikia pampu inawaka. Nilitoka barazani na mwavuli, nikakuta vinyunyizi vyote sita vimeinuka, vinarusha maji ya simtanki juu ya ukoka uliokwisha kuwa dimbwi. Maji yale yaliletwa na boza siku tatu nyuma. Na kontrola iliyoamuru hayo yote, yaani kisanduku kinachowasha na kuzima vinyunyizi kwa ratiba, niliinunua miezi miwili kabla, kwa shilingi laki tano na nusu, kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba inajua mvua.

Ilikuwa inajua mvua ya uwanja wa ndege.

Nilipoichimba programu yake kwenye simu nikaona kituo cha hali ya hewa inachokitegemea: Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Mimi nakaa Mbezi Beach. Ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani ni zaidi ya kilomita 15. Anayeishi Dar hahitaji kuelezwa maana yake. Mvua inaweza kuifunga barabara ya Tegeta magari yasisogee, na saa hiyo hiyo Gongo la Mboto, upande wa uwanja wa ndege, watu wanaanika nguo. Nikaangalia kumbukumbu za nyuma nikakuta na makosa ya upande wa pili: siku ambazo uwanja wa ndege ulilowa, kontrola ikaacha kumwagilia kwangu, na kwangu hakukudondoka hata tone. Yule kijana anayenisaidia bustani alikuwa akiniambia, "Dada, upande wa ukutani unakauka," nami nikimjibu asubiri, mashine inajua.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia idadi ya kanda (sehemu za bustani zinazomwagiliwa kwa zamu), rangi ya kioo wala kama kifaa kinaitikia sauti yako. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Mimi nina swali moja tu na nitaling'ang'ania: kifaa kinapata wapi habari kwamba mvua imenyesha?

Majibu ni mawili. La kwanza ni intaneti, yaani utabiri au taarifa za kituo kilicho mbali nawe. La pili ni kitambua mvua, kile kikombe kidogo kinachofungwa ukingoni mwa paa lako, chenye visahani ndani vinavyovimba vikinyonya maji. Vikivimba vinasukuma swichi, swichi inakata umeme wa volti 24 unaokwenda kwenye vali, zile koki za umeme zinazoruhusu maji kupita, na hakuna kinyunyizi kitakachofunguka mpaka visahani vikauke. Hakihitaji waifai wala bando. Kinapima tone lililoanguka nyumbani kwako.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyasi zangu ni mita za mraba 150, hivyo mvua ya milimita 10 imenipa lita 1,500 za bure. Simtanki langu ni la lita 2,000. Hiyo ni robo tatu ya tangi, na kumwagilia asubuhi ile ilikuwa kumwaga nje maji niliyoyanunua.

Sasa kuna jambo ambalo hata wanaouza vitambua mvua hawalitaji, na kwa mji wetu ndilo kubwa kuliko yote: kukauka. Visahani vile hukauka kwa hewa inayopita. Pembeni mwa kikombe kuna pete yenye matundu unayoweza kuizungusha, na ukiifunga, unyevu unakaa ndani muda mrefu zaidi. Anayeishi sehemu ya hewa kavu anaweza kuifunga ili kifaa kisiwahi kukauka kuliko udongo. Hapa Pwani hewa yenyewe imelowa. Jirani yangu alifungiwa na fundi, pete ikaachwa imezibwa, na baada ya mvua moja ya usiku mfumo wake ukalala siku nne huku jua la Januari likichoma. Alidhani vali zimekufa, akanunua koili mbili mpya, zile sumaku za umeme zinazofungua vali. Kilichotakiwa ni kuzungusha pete kwa vidole.

Kwa hiyo Dar fungua matundu yote. Halafu weka kiwango kwenye milimita 6. Vitambua mvua vingi vina alama kuanzia milimita 3 na kuendelea. Ukiweka 3, mvua fupi ya kupita itazuia kumwagilia na mizizi haitakuwa imepata cha maana. Ukiweka 25, utasubiri gharika. Ukoka wetu wakati wa joto hutumia takriban milimita 4 hadi 5 kwa siku, ndiyo maana 6 inatosha kuruka zamu moja bila wasiwasi. Na kifungwe mahali panapoona mbingu. Nimeviona vimefungwa chini ya mwembe, chini ya ukingo wa paa, kimoja chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji mchana kutwa. Hicho cha mwisho mwenyewe hakuwahi kumwagilia nyasi zake hata siku moja, na alikuwa akilaumu udongo.

Tuje kwenye vifaa. Wa kwanza kwangu ni Hunter X2 ikiwa na kitambua mvua cha Mini-Clik, na sifichi kwamba naipenda Hunter. Kampuni hii ya California inafanya kazi ya umwagiliaji tangu 1981, na hapa inaonekana kwamba waliowaza hawakuanza na simu. X2 inazungushwa kwa kitufe cha duara, fundi yeyote anaielewa kabla chai haijapoa. Ratiba yako haifutiki umeme ukikatika. Ina sehemu maalumu ya kuingiza nyaya mbili za kitambua mvua. Na kipande cha waifai, wanachokiita WAND, kinauzwa peke yake. Hilo ndilo linalonifurahisha: nunua kontrola na kitambua mvua leo, waifai isubiri mshahara mwingine. Nyasi hazitajua tofauti. Ukiwa na fedha zaidi chukua Rain-Clik badala ya Mini-Clik, kwa kuwa hiyo husimamisha maji ndani ya dakika chache tangu mvua ianze, bila kungoja ifikie kiwango ulichoweka.

Wa pili ni Rain Bird ESP-TM2 pamoja na kitambua mvua chao cha RSD. Rain Bird ni wakongwe, tangu 1933, na sina ugomvi nao. Waifai yao pia ni kipande cha kuongeza. Nimeiweka ya pili kwa sababu vidole vyangu vimezoea Hunter, na mtu akiniambia duka la karibu naye lina Rain Bird pekee, namwambia achukue asiangalie nyuma.

Wa tatu ni Hunter HC yenye Hydrawise, programu ya Hunter ya kuendesha kontrola kupitia intaneti. Ina kioo cha kugusa, ina nafasi mbili za vitambuzi, na unaifuatilia ukiwa Dodoma au Dubai. Nzuri sana kwa anayesafiri. Lakini imejengwa kuuliza intaneti kwanza, na watu wakishaona picha ya wingu kwenye simu wanaona kitambua mvua hakina kazi. Ukiinunua, nunua na kikombe siku hiyo hiyo, kisha ondoa masharti ya utabiri kwenye programu. La sivyo utarudi kwenye habari yangu ya saa kumi alfajiri.

Rachio 3 inasifiwa sana mitandaoni na ndugu walioko Marekani huzileta kama zawadi. Huko ilikotengenezewa ni kifaa kizuri. Huku inakuja na adapta ya volti 120, na ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa volti 230 umeizika. Hata ukitafuta transfoma, huduma yake imelenga Marekani na Kanada. Kama unaletewa zawadi, omba kikombe cha mvua. Kile kitafanya kazi na karibu kontrola yoyote ya volti 24.

Kuhusu zile saa za bombani za betri, za elfu themanini au laki moja: zinafaa kwa matuta ya mchicha. Nyingi hazina hata tundu la kuingiza kitambua mvua.

Kuna kosa moja la mafundi ambalo sitaliacha lipite. Simtanki lililo juu ya mnara wa mita 4 linatoa mgandamizo wa takriban bar 0.4. Vali za umeme nyingi zinataka bar 1 au zaidi ndipo zifunge na kufungua sawasawa, na vinyunyizi vya kuinuka vinataka kama bar 2. Kwa hiyo pampu ni lazima kwa nyumba nyingi. Sasa fundi akiifunga pampu kwenye saa yake pekee, mvua ikinyesha kitambuzi kitazima vali lakini pampu itaendelea kusukuma kwenye mabomba yaliyofungwa mpaka ichemke. Pampu iwashwe na kontrola yenyewe, kupitia relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo wa kontrola. Msimamie mpaka umwone anafunga. Halafu anzisha mfumo, panda ngazi na chupa ya maji, mimina kwenye kikombe taratibu, usubiri. Vinyunyizi na pampu vizime vyote. Fundi asilipwe kabla ya jaribio hilo.

Na wauzaji. Nimeandika kwa kurasa kumi na moja za vifaa vya bustani nikiuliza bei ya kitambua mvua. Saba walinijibu "bei njoo inbox", na nilikuwa nimeshaandika huko huko inbox. Wawili walisema hakihitajiki kwa sababu "hii ni janja tayari". Mmoja alinitajia bei, nikafika dukani Kariakoo, ikawa imepanda kwa elfu arobaini kati ya simu na mlango. Inaniuma kwa sababu mtu anatoa laki kadhaa kwa kontrola, na kifaa ambacho kingeilinda fedha yake hakipo hata kwenye rafu. Duka la kumi na moja lilikuwa nacho. Mzee mwenye duka alikitoa kwenye boksi, akanionyesha pete ya matundu bila kuulizwa, akasema, "Mwanangu, huku kwetu hii iache wazi." Nilinunua viwili.