Kureti ya Volkmann ya kukwangulia mfupa, uzoefu wangu thieta hapa Tanga

Mimi ni nesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, dokta akinyoosha mkono mi ndo nampa kifaa, kwa hiyo hii kureti naijua vizuri. Ni ya chuma kisichoshika kutu, ina kijiko huku na huku, kimoja duara kingine umbo la yai, na naipenda kwa sababu ya makali yake.

Wagonjwa wetu wengi wa kukwanguliwa ni watoto wenye ostiomailaitisi sugu, yaani maambukizi ya mfupa ya muda mrefu, wanaletwa mguu ushatoa usaha muda mrefu na ndani kuna kipande cha mfupa kilichokufa. Dokta akishakitoa anakwangua ukuta wa shimo mpaka aone vidoti vya damu vinachomoza, hapo anajua kafika kwenye mfupa ulio hai. Kureti ikiwa kali hata sauti unaisikia inabadilika, kwenye uozo iko kimya, ikigusa mfupa mzima inakwaruza. Butu inateleza tu, dokta anaanza kutia nguvu, na mfupa wa mtoto ulioliwa na ugonjwa ukiukandamiza unaweza kuvunjika palepale, ndo maana naumia sana nikiona watu wanakimbilia za bei chee. Tuliwahi kuletewa za hivo, zinang'aa balaa, zimepita otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) mara chache tu zikaanza vidoa vya kutu kwenye kingo.

Ila mpini wake mwembamba, glovu ikilowa damu haushikiki vizuri. Kwa shimo la ndani kama juu ya paja mi nampa dokta kureti aina ya Bruns, ina mpini mrefu mnene.

Sasa matunzo jamani! Kama mnailoweka kwenye klorini ya asilimia 0.5 ni dakika 10 basi, toa suuza hapohapo, ukiilaza humo inakula chuma hata kama ni kizuri vipi. Piga brashi ndani ya kijiko maana unga wa mfupa unagandia pale chini, halafu ikishafungwa otoklevu nyuzi 121 dakika 30. Kujua kama bado kali igeuze chini ya taa, ukingo ukionyesha kamstari keupe kanakong'aa ujue imeshakuwa butu, mpelekee fundi wa vifaa tiba, usiinoe kwa jiwe la visu itapoteza umbo.

Mnaoagiza angalieni na saizi, kwenye zile zinazoandikwa kwa sufuri (0, 00, 000), sufuri zikizidi kijiko kinazidi kuwa kidogo, kwa watoto hizo ndogo msizikose kwenye seti.