Kumtafuta baba yake babu aliyechukuliwa Kariakoo: huduma nilizojaribu na iliyonifaa

Kwetu Chawia, huko Taita, ukikaa na wazee hukosi kusikia habari za wanaume waliochukuliwa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baba yake babu yangu ni mmoja wao. Aliondoka na mzigo wa Waingereza kichwani, hakurudi, na hakuna aliyetuambia amezikwa wapi. Ndugu na marafiki wamekuwa wakiniuliza kama kuna tovuti au ofisi ya kumtafuta mtu wa namna hiyo, na kama inafaa kutoa pesa. Ofisi ipo, ni Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, na gharama yake si ya kutisha. Ila usiende huko na jina la mzee wako peke yake.

Nianze na ile ya kulipia. Ni kampuni moja ya ng'ambo ya kutafuta ukoo mtandaoni, na sitaitaja jina. Fomu yake inataka jina la familia na tarehe ya kuzaliwa. Mtaita wa enzi zile alikuwa na jina lake na la baba yake, basi. Tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa njaa. Huyu wetu inasemwa alizaliwa baada ya njaa ya Mwakisenge, yaani miaka ya 1880. Hilo utalijaza kwenye kisanduku kipi? Nilipoandika Kenya na 1917 nikaletewa masetla na abiria wa meli kutoka Uingereza. Kusimamisha makato ya kila mwezi nako kukanitoa jasho. Nyota moja kati ya tano.

Ya pili ni ya bure: tovuti ya CWGC, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita. Inafunguka haraka hata kwenye simu, na unaweza kuchuja kwa nchi, kikosi na mwaka. Kama mzee wako alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza, jaribu, unaweza kubahatika. Kama alikuwa mpagazi, usikae macho usiku kucha. Wapagazi waliokufa kwenye vita vya Afrika Mashariki walikuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na karibu wote hawakuwekewa kaburi wala kumbukumbu yenye majina yao. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi huenda ikafika 350,000. Wakubwa wa wakati ule waliona ukumbusho mmoja unawatosha wote. Ndiyo zile sanamu za shaba za Kenyatta Avenue, Nairobi, zenye maneno ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling kwamba ukifa kwa ajili ya nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Nilisimama pale nikayasoma kwa Kiswahili, nikazunguka nyuma kuangalia kama kuna jina hata moja. Tovuti naipa nyota tatu, kwa sababu haidanganyi mtu.

Sasa Nyaraka za Taifa. Jengo ni lile lililokuwa Bank of India, na chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, ambao peke yake unatosha kukupeleka. Unajiandikisha, unalipa ada ndogo, unaacha mkoba, unaingia chumba cha kusomea. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa wanamwendea mhudumu na kumwambia, "Namtafuta babu yangu." Hakuna faharasa ya mababu. Mafaili yamepangwa kwa ofisi iliyoyaandika: PC/COAST ni ya mkuu wa mkoa wa Pwani, DC/TTA ni ya mkuu wa wilaya ya Taita. Ukijua ofisi unajua pa kuanzia.

Aliyeniokoa ni shangazi, kabla sijapanda basi. Nilikuwa namsumbua na miaka, akanikatiza: "Wewe usiniulize mwaka. Niulize ni nani aliyekuja kumtoa." Na jina la chifu alilijua, pamoja na mtaa wake na maneno ambayo mama wa marehemu alimtolea. Hayo ya mwisho siyaandiki.

Jina la chifu ndilo lililofungua kila kitu. Mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, alipewa kazi ya kukusanya wapagazi kwa lazima, wilaya zikapangiwa idadi zao, machifu nao wakatakiwa kutoa vijana. Kwa hiyo barua zinamtaja chifu. Niliyoipata mimi ni nakala ya kaboni kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, herufi za zambarau zimefifia, pini ya kona imeshika kutu hadi imeacha tundu la kahawia. Inasema chifu yule ameleta watu wangapi Voi, daktari amewakataa wangapi, na wangapi wametoroka njiani. Majina hakuna. Lakini nilijua sasa aliondoka na kundi gani na mwezi gani, jambo ambalo ukoo mzima haukuwa nalo. Mafaili mengine husomwa kwa filamu ndogo (microfilm), macho yatauma. Na ukiambiwa faili la makao makuu halipo, usidhani unazungushwa: ofisi kuu ya serikali pale Nairobi iliungua mwaka 1939, ndiyo maana nakala za wilayani zina thamani. Nyota nne na nusu. Wahudumu wanaijua kazi yao.

Jina lake likiwa limeandikwa nililipata kwa mapadri. Misheni ya Bura ya Wakatoliki ipo tangu 1892, ya Sagalla ya Waanglikana tangu 1883, na misheni za zamani ziliandika ubatizo kwa makini kuliko serikali ilivyoandika vifo. Kwenye daftari la ubatizo la babu, baba yake ametajwa kwa Kilatini, na pembeni pana neno la kuonyesha ni marehemu. Jina limeandikwa bila Mwa- ya mbele, kwa hiyo wewe wa Taita tafuta kwa njia zote mbili. Omba ruhusa ya paroko mapema na ufike na barua au kitambulisho.

Mnaoniuliza kama mtalipwa chochote: wapagazi walilipwa rupia 5 au 6 kwa mwezi, na mishahara ya wafu wengi ilibaki serikalini kwa madai kwamba warithi hawakuonekana. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wao, aliipigania miaka mingi bila mafanikio. Sijaona mlango wa kudai leo.

Kipimo cha vinasaba (DNA) sijanunua. Kitaniambia mimi ni Mbantu wa Afrika Mashariki, habari ambayo shangazi anayo bure.